Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Kinyama cha mgonjwa kisibebwe na mwanawe kwenye basi

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: USAFIRISHAJI WA SAMPULI ZA SARATANI KUTOKA WILAYANI

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mtaalamu wa maabara mstaafu, mkazi wa Kikuyu, Dodoma. Utumishi wangu mwingi niliufanya kwenye meza ya patholojia, pale ambapo kinyama kilichotolewa kwa mgonjwa hukatwa, hugandishwa kwenye nta ya parafini, huchanwa vipande vyembamba mno, kisha hupakwa rangi ili daktari akisome kwa hadubini. Tangu nistaafu, watu wenye wagonjwa hunitafuta niwaelekeze pa kwenda. Taabu wanazonieleza zinafanana mno, ndiyo maana nimeona nikuandikie hadharani.

Kijana mmoja kutoka Chemba aliteremka Stendi ya Nanenane akiwa na kikapu alichokipakata njia nzima. Ndani yake mlikuwa na chupa ya maji ya kunywa, ile ya nusu lita, na ndani ya chupa kinyama kilichotolewa kwenye ziwa la mama yake. Hospitali aliyotoka ilimkabidhi chupa na fomu, ikamwambia apeleke Dodoma. Akarudi kwanza kijijini kutafuta nauli. Nilimsindikiza hadi maabara. Kinyama kikiwa kibichi ni laini, kinasukumwa kwa koleo na kupita shingo ya chupa bila shida. Kikishakaa kwenye fomalini, ile dawa ya maji ya kuhifadhi nyama isioze, kinakakamaa. Chupa ikainamishwa, kinyama hakikutoka. Ikabidi chupa ipasuliwe taratibu kwa kisu, ili ncha isiguse kilichomo. Fomalini ilikuwa imefunika nusu tu ya nyama. Nusu ya juu ilikuwa ya kijivu, na ina ile harufu ambayo kila aliyewahi kufanya kazi hii anaijua. Jina la mama lilikuwa kwenye kifuniko peke yake, ubavuni mwa chupa hakuna kitu, na kifuniko, Mheshimiwa, huhama kutoka chupa hadi chupa. Kwenye fomu, pale pa kuandika saa ya upasuaji na saa ya kuweka kinyama kwenye dawa, palikuwa wazi.

Kijana akaniuliza kama majibu yatatoka. Nikamwambia yatatoka, maana jibu la kwanza, kama ni saratani au siyo, hata nyama iliyoharibika kiasi mara nyingi hulitoa. Jibu la pili ndilo lililonitia hofu.

Jibu la pili ni la alama za vinasaba na protini za uvimbe wenyewe. Saratani ya matiti si ugonjwa mmoja. Kuna uvimbe ambao seli zake zina vipokezi vya homoni ya estrojeni, yaani protini zinazoipokea homoni hiyo. Huo hustawi kwa homoni, na tamoksifeni, kidonge cha bei nafuu ambacho kimetumika tangu miaka ya 1970, huviziba vipokezi hivyo. Mwanamke hukimeza kila siku nyumbani kwake, kwa kawaida kwa miaka 5 au zaidi, huku akiendelea na shamba lake la alizeti. Kuna uvimbe mwingine ambao jeni iitwayo HER2, iliyoko kwenye kromosomu ya 17, imejirudufu kupita kiasi hadi seli zikajaa protini yake. Saratani za namna hiyo ni kati ya asilimia 15 na 20 ya saratani zote za matiti, na zamani zilihesabiwa miongoni mwa zile kali zaidi. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha trastuzumabu, dawa inayoilenga protini hiyo hiyo, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Halafu kuna uvimbe usio na alama yoyote kati ya hizo. Huo unahitaji mpango mwingine wa dawa, upasuaji na mionzi. Kwa kupapasa huwezi kuzitofautisha, na hata rangi ya kawaida ya maabara haitoshi. Inabidi kipande kipakwe kingamwili inayoing'ang'ania protini inayotafutwa. Palipo na protini pakageuka rangi ya kahawia, daktari anajua ashike njia gani.

Protini hizo haziwezi kusubiri nauli. Tangu kinyama kinapotengana na mwili, damu haikifikii tena na kinaanza kuharibika. Miongozo ya Marekani inayofuatwa na maabara nyingi duniani inataka kiingie kwenye fomalini ndani ya saa 1, kisha kikae humo si chini ya saa 6 wala si zaidi ya saa 72 kabla ya kupelekwa kwenye parafini. Fomalini yenyewe iwe walau mara 10 ya ujazo wa kinyama. Tena hupenya polepole, takriban milimita 1 kwa saa, kwa hiyo titi zima likitumbukizwa kwenye ndoo bila kuchanwa, nje linahifadhika na katikati linaoza. Mama anayeuza samaki wa Mtera hasubiri afike sokoni Dodoma ndipo ampasue na kumkausha samaki. Anafanya hivyo kule kule bwawani, maana anajua akichelewa hakuna moshi utakaomrudisha.

Hatari yake ni kwamba kipimo cha alama kikifanywa kwenye nyama iliyoharibika, rangi ya kahawia inaweza isitokee kabisa, na ripoti ikaandikwa "hasi". Daktari ataiamini, kwa nini asiiamini? Mgonjwa ambaye tamoksifeni ingemfaa atanyimwa, na hakuna atakayejua kwamba alinyimwa. Kwa miaka mingi wataalamu wamejadiliana kwa nini tafiti nyingi za Afrika zinaonyesha wanawake wengi wasio na vipokezi vya homoni. Sehemu ya sababu ni maumbile ya ugonjwa wenyewe, sehemu nyingine inatajwa kuwa uhifadhi mbovu wa sampuli. Kwa niliyoyaona mezani, hiyo ya pili siitilii shaka hata kidogo.

Mheshimiwa Waziri, sikuandikii kuomba jengo. Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma ilianza kupandikiza figo mwaka 2018 na uloto kwa watoto wenye selimundu mwaka 2023. Uwezo wa wataalamu wetu umeshaonekana. Chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 ilifika hadi shule za vijijini kabisa, na nilifurahi kuona hivyo, kwa sababu saratani ya mlango wa kizazi nimeikata kwa mikono yangu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Wizara inajua kufika kijijini. Ninachoomba ni kwamba kinyama nacho kijue kutoka kijijini.

Njia tayari ipo. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU huko Kongwa au Bahi hutobolewa kisigino, matone ya damu yakakaushwa kwenye karatasi ya chujio, ambayo ni selulosi tupu ya pamba, na karatasi hiyo husafirishwa hadi maabara kubwa. Makohozi ya anayeshukiwa kuwa na TB nayo husafirishwa na mfumo, kwa pikipiki na kwa magari. Hatutarajii mgonjwa wa TB apakate makohozi yake kwenye basi. Mgonjwa wa saratani tunamwachia ndugu yake kazi hiyo, na fomalini ni sumu: kijana yule wa Chemba aliibeba kwenye chupa ya plastiki katikati ya abiria na watoto wachanga, bila mtu kumweleza asiifungue.

Tena kinyama hakina makuu. Hakihitaji barafu, na kwa kweli barafu ingekiharibu. Kinahitaji kopo la mdomo mpana lisilovuja, mfuko wa pili wa kulizunguka, fomalini ya kutosha, na jina pamoja na saa vilivyoandikwa ubavuni kwa wino usiofutika. Kikipandishwa kwenye pikipiki ile ile ya makohozi, kitafika.

Kitu ambacho ningependa Wizara ikitazame kwa makini zaidi ni mahali pa kufikia. Alama zote si lazima zisomwe Dodoma. Zile saa 72 ni za kinyama kikiwa ndani ya fomalini. Kikishageuzwa kuwa kizibo cha parafini, yaani kipande kigumu cha nta chenye kinyama ndani yake, kinatulia, na kinakaa miaka bila kuhitaji umeme. Kwa hiyo kila hospitali ya rufaa ya mkoa, Dodoma na Singida kwa kuanzia, ikiwa na mashine ya kusindika tishu inayofanya kazi na mtaalamu wa kuiendesha, mwendo wote wa haraka unaishia hapo. Kutoka hapo kizibo kinaweza kwenda Dar es Salaam kwa treni ya mwendokasi au kwa posta, hata kikichelewa wiki, na alama zikasomwa vizuri. Mashine ya kusomea alama ni ghali na inataka sampuli nyingi ili kingamwili zisiharibikie kwenye friji bila kutumika. Si lazima iwe kila mahali. Parafini ndiyo iwe karibu.

Na vizibo visitupwe. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha dawa mpya kwa wagonjwa wenye HER2 kidogo, watu ambao miaka yote walihesabiwa hawana. Aliyekuwa na kizibo chake kabatini aliweza kusomwa upya bila kukatwa tena.

Najua hospitali za wilaya ziko chini ya TAMISEMI na utaambiwa hili ni lao. Lakini mwongozo wa namna sampuli inavyotunzwa unatoka kwako, na fomalini iliyochanganywa vizuri, ile ya asilimia 10 yenye kidhibiti cha asidi, inaweza kutoka Bohari ya Dawa, kanda ya Dodoma, ikiwa imeshawekwa kwenye makopo yake. Nimeona fomalini ikichanganywa kwa kukadiria kwa macho, na maji ya bomba. Nimeona pia kinyama kilichowekwa kwenye maji ya dripu kwa sababu dawa ilikuwa imekwisha. Muuguzi aliyefanya hivyo si mzembe, alitumia alichokuwa nacho.

Kuhusu fedha nitasema kwa kifupi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Naomba kitita cha mafao kitaje waziwazi kupima vipokezi vya homoni na HER2 kama sehemu ya kutambua saratani ya matiti, kisiwe kipimo cha nyongeza ambacho mgonjwa anaambiwa alipie baada ya jibu la kwanza. Watu wengi huishia hapo hapo, wanaamini wameshapimwa.

Ipo alama ya aina nyingine ambayo ndugu wa wagonjwa huniuliza kuliko zote: je, na mimi ninayo? Jeni za BRCA1 na BRCA2 zikiwa na kasoro, hatari ya saratani ya titi na ya ovari huongezeka, na mzazi anaweza kumrithisha mtoto kasoro hiyo, wa kike au wa kiume, kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Mary-Claire King, mtaalamu wa vinasaba wa Marekani, alionyesha mwaka 1990 kwamba jeni ya kwanza kati ya hizo iko kwenye kromosomu ya 17, na wengi wakashangaa kwamba ugonjwa huu unaweza kufuatwa ndani ya ukoo. Saratani nyingi za matiti hazitokani na urithi huo, na sitaki mtu yeyote alaumu ukoo wa mwenzake kwa kusoma barua hii. Kupima jeni hizo kunahitaji ushauri nasaha wa kweli, na sidai kianze kesho wilayani. Nadai mstari mmoja kwenye fomu: mama, dada, shangazi au bibi aliwahi kuugua saratani ya titi au ya ovari? Akiwa na umri gani? Mstari huo hauna gharama, na siku kipimo kikifika tutajua tuanze na nani.

Shirika la Afya Duniani linataka mwanamke apate utambuzi kamili ndani ya siku 60 tangu afike kituoni kwa mara ya kwanza. Huku kwetu siku hizo huliwa na safari: kutafuta nauli, kurudi kuuliza majibu, kuambiwa bado, kurudi tena. Namba ya simu ya mgonjwa ipo kwenye fomu. Majibu yakirudishwa hospitali ya wilaya kwa njia ile ile iliyopeleka sampuli, na mgonjwa akapigiwa simu, mama wa kijijini hatahitaji kuuza mbuzi ili aje kusikia neno "bado".

Kama Wizara itapenda kuanza kwa majaribio, napendekeza Mpwapwa kwa upande wa Dodoma na Manyoni kwa upande wa Singida. Niko tayari kufika huko bila posho, niwaonyeshe wauguzi wa vyumba vya upasuaji jinsi ya kuchana titi ili dawa ipenye, kupima fomalini, kuandika kopo na kujaza saa. Mafunzo hayo yanatosha mchana mmoja, na wapo wastaafu wenzangu watakaokubali kuja nami tukiitwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mtaalamu wa maabara mstaafu,
Kikuyu, Dodoma.

Nakala: Mganga Mkuu wa Mkoa, Dodoma.
Mganga Mkuu wa Mkoa, Singida.