Nisubiri Meli Izeeke Kidogo Ndipo Nilipie?

Swali hili huingia ofisini kwetu, tunakouza safari za meli za kitalii, karibu kila wiki. Juzi lilikuja na mama mmoja wa Kikongo, mteja wetu wa siku nyingi hapa Houston, aliyepitia kwetu akitoka kanisani, simu mkononi, picha ya meli imejaa kioo kizima.

"Dada, hii si mpya? Nikiacha mwaka mmoja upite si itashuka, kama simu?"

Nikamwambia akae, nikammiminia chai, maana jibu lake si la kusimama mlangoni.

Simu ya mwaka jana hushuka bei kwa sababu dukani imekaa pembeni ya simu ya mwaka huu, na mwenye duka anataka rafu yake. Meli haiuzwi. Kinachouzwa ni usiku. Chumba kisipolalwa Jumapili hii, usiku huo umekwenda na hakuna wa kuununua Jumatatu. Kwa hiyo umri wa chuma ni jambo dogo. Kubwa ni wangapi wanautaka usiku huo, vyumba vingapi vimebaki, na kuna meli gani nyingine bandari ileile wiki ileile.

Na mara nyingi mtu anayeuliza "itashuka?" ameunganisha maswali mawili. Moja ni kama nauli ya safari fulani, tuseme ya tarehe 8 Machi, itashuka kadiri tarehe inavyokaribia. La pili ni kama meli yenyewe itakuwa rahisi ikishafikisha miaka mitatu, minne. Majibu yake hayafanani, na anayeyachanganya ndiye anayeishia kukosa chumba.

Nianze na la umri. Waliosafiri kutoka Galveston, bandari yetu ya karibu, mwaka 2024 wanaikumbuka Harmony of the Seas. Ilipoanza kazi 2016, ikizunguka Mediterania kutoka Barcelona, hapakuwa na meli ya abiria kubwa kuliko hiyo duniani. Mwaka 2018 Symphony of the Seas ikaipita, 2022 Wonder of the Seas ikaipita Symphony, na Januari 2024 Icon of the Seas ikang'oa nanga Miami na tani zake za ujazo 248,663, ikaziacha zote nyuma. Zote hizo ni za Royal Caribbean. Yaani kampuni inajipiku yenyewe, na kila "kubwa kuliko zote" hudumu miaka michache tu kabla mdogo wake hajazaliwa.

Sasa tazama yanayozipata zile zilizopitwa. Wonder, iliyokuwa malkia 2022, ilipofika 2025 ikapangiwa safari fupi za usiku 3 na 4 kutoka Miami. Symphony ilitujia huku Galveston Agosti 2025, ikachukua nafasi ya Harmony. Ukiwa mkazi wa Houston, meli uliyoiona kwenye matangazo 2018 imekujia mlangoni baada ya miaka saba, na unaendesha gari saa moja hivi kwenye barabara kuu ya I-45 kuifikia.

Ilikuja kwa bei ya mtumba? Hapana, na hapa ndipo wengi hunikatalia. Meli za aina hiyo, tangu Oasis of the Seas ya 2009, kwa kawaida huuzwa ghali kuliko dada zake wadogo wa kampuni ileile, hata baada ya zaidi ya miaka kumi majini. Watu wanazitaka. Ukitafuta nafuu ya familia ya Houston kwenye nauli ya meli peke yake, hutaiona. Iko kwenye tiketi za ndege wasizonunua. Familia ya watu wanne inayokwenda kupanda meli mpya Florida inalipa ndege nne kwenda na kurudi, na hoteli ya usiku mmoja kabla, kwa sababu mwenye akili hasafiri kwa ndege siku ileile ya meli. Ondoa hayo yote, weka mafuta na maegesho ya Galveston, ndipo utaona kushuka kwenyewe.

Kwa hiyo ninapoambiwa "nasubiri ishuke", nauliza: unasubiri izeeke, au unasubiri ihame? Kuzeeka peke yake hakuleti mengi. Kuhama kunaleta.

Linaloshusha nauli waziwazi ni kuwa na mshindani karibu. Galveston ya miaka michache iliyopita haikuwa na mengi ya kuchagua. Royal Caribbean walifungua jengo lao la abiria Novemba 2022, Carnival Jubilee ikaja ikiwa mpya kabisa Desemba 2023, na Novemba 2025 ikaongezeka MSC Seascape, meli ya 2022 iliyokuwa ikifanya kazi Miami. Ukiihesabu na Symphony, ni meli tatu kubwa, nyingi ya safari zao ni za wiki nzima, zikigombea bandari zilezile za Mexico, Cozumel na Costa Maya. Vyumba vikizidi wasafiri, kuna atakayeanza kupunguza, na mara nyingi si yule mwenye meli mpya kuliko zote. Kama ni mimi na sikujali slaidi za maji wala rolakosta ya Jubilee, ningeitazama kwanza Carnival Breeze ya 2012, ambayo huku inafanya safari fupi, au yoyote ambayo watoto hawalitaji jina lake.

Nauli pia hupanda uzeeni. Meli hupelekwa gudini, yaani karakana ya meli, kila baada ya miaka kadhaa, na mara nyingine hutoka huko na mikahawa mipya, mabwawa mapya na matangazo mapya. Allure of the Seas ya 2010 iliingia gudi la Cádiz, Hispania, mwaka 2025, ikatoka imepambwa upya. Ukiwa umepanga kuisubiri ichakae, umesubiri bure.

Mwaka wa kwanza wa meli mpya hali ni tofauti kidogo. Wapo watu, na nawafahamu, ambao lazima wapande safari ya kwanza au ya pili ili waseme walikuwepo. Hao hulipa bila kuuliza, na safari za miezi ile hujaa mapema. Mimi sizipendi. Si kwa bei tu. Meli changa ina mlango usiofunga vizuri, foleni ambayo hakuna aliyeitarajia, mkahawa ambao mabaharia bado wanajifunza mahali pa vijiko. Ukiruka msimu wa kwanza, mara nyingi nauli hulegea kidogo, hasa pale dada mtu anapoanza kazi: Icon ilifuatwa na Star of the Seas Agosti 2025, na macho ya wapenda vipya yakahamia huko. Ni kulegea, lakini. Usitarajie kukuta nusu ya bei.

Tuje kwenye swali la kwanza, la tarehe ikikaribia.

Kwetu pwani kila mtu anajua samaki wa asubuhi na samaki wa jioni. Jioni mchuuzi anataka kwenda nyumbani, barafu imeyeyuka, anakupa fungu kwa bei utakayotaja. Zamani meli ziliuzwa hivyohivyo, na hadithi za "nilipata wiki nzima kwa bei ya chakula cha jioni" zilitoka enzi hizo. Wauzaji wa siku hizi wamejifunza kuingia sokoni samaki wakiwa wameshauzwa. Safari hufunguliwa mwaka mmoja na nusu, hata miwili kabla. Kompyuta inapandisha bei kidogo kila vyumba kadhaa vikiondoka, inashusha vikikwama. Na kampuni kubwa hujaza meli zaidi ya asilimia 100. Si kosa la hesabu: asilimia 100 ni watu wawili kwa kila chumba, na wa tatu na wa nne wanahesabiwa juu yake. Icon kwa hesabu ya wawili wawili hubeba 5,610, na ikijaa kabisa hufika 7,600. Tofauti hiyo, karibu watu elfu mbili, wengi wao ni watoto.

Na watoto ndio walionifundisha adabu. Miaka kadhaa nyuma nilimwambia baba mmoja mwenye watoto watatu asubiri Januari, kwa sababu Januari hadi Machi ndio msimu wa ofa na kila kampuni inapiga kelele. Ofa zilikuja kweli. Ila vyumba vya watu watano vilikuwa vimekwisha. Tukasema sawa, tuchukue viwili vinavyopakana. Vyumba vilikuwepo, mfumo ukakataa kuwaongeza watoto, kwa sababu mashua za kuokolea za upande ule wa meli zilikuwa zimeshafikisha idadi yake. Sikuwahi kumweleza mteja jambo hilo kabla. Alikwenda wiki nyingine, kwa pesa zaidi, na alinisamehe mke wake aliposema anisamehe. Tangu siku hiyo familia ya watu wanne au zaidi siiambii isubiri. Mnaosafiri wawili, ambao chumba cha ndani kisicho na dirisha kinawatosha, nyie mnaweza kucheza na saa.

Badala ya kusubiri, sisi tunafanya hivi. Unalipa kianzio mapema, wakati vyumba bado vipo. Malipo ya mwisho kwa safari ya wiki huwa takriban siku 90 kabla ya kuondoka, safari fupi huwa na muda mfupi zaidi. Kati ya siku hizo mbili naangalia bei. Ikishuka, napiga simu au naingia kwenye mfumo, chumba chako kinaandikwa upya kwa bei ndogo. Lakini soma hili vizuri: bei mpya inakuja na masharti yake mapya. Kama ulipewa vinywaji vya bure au hela ya kutumia ndani ya meli wakati ule wa kwanza, huenda vikaondoka. Mara mbili tatu nimemshauri mteja aache bei ya juu ibaki, kwa sababu kilichokuwa ndani yake kilizidi tofauti. Na kama ulichagua kianzio kisichorudishwa ili upate unafuu wa dola chache, kubadilisha tarehe kutakugharimu. Baada ya malipo ya mwisho, ikishuka, kwa kawaida hakuna pesa inayorudi. Ukibahatika unapewa chumba bora zaidi.

Msiogope kunisumbua kwa hili. Hatuwatozi. Kamisheni yetu inalipwa na kampuni ya meli, na haihesabiwi kwenye kodi na ushuru wa bandari, kwa hiyo bei ikishuka nami napungukiwa kidogo. Nalisema ili mlijue.

Bei mnayoiona mtandaoni nayo imebadilika sura. Tangu Julai 2024, baada ya sheria mpya ya California, kampuni kubwa zilianza kuonyesha Marekani nzima bei ikiwa na kodi na ushuru ndani. Watu wakadhani nauli zimeruka usiku mmoja, kumbe ni hesabu ileile imewekwa hadharani. Bakshishi ya wahudumu bado iko nje. Weka dola 18 kwa mtu kwa siku, kuna wanaozidi na wanaopungua. Watu wanne, usiku saba, ni dola 504, na kampuni nyingine humhesabu hata mtoto wa kubebwa. Nimeona mtu akihangaika miezi mitatu kuokoa dola 200 za nauli, halafu akashtuka na bili hii siku ya mwisho. Mexico nayo ilianza Julai 2025 kutoza kila abiria wa meli dola 5. Ndogo, lakini imepangwa kupanda.

Kama nia yako ni bei ndogo kwenye meli mpya, usihesabu miaka. Hesabu wiki. Meli ileile, chumba kilekile, wiki ya mapumziko ya shule ya Machi na wiki ya kwanza ya Desemba, utadhani ni meli mbili. Wiki nafuu huwa hizo za baada ya sikukuu ya Thanksgiving mwishoni mwa Novemba, za Januari watu wakisharudi kazini, na Septemba na Oktoba. Zina sababu ya kuwa nafuu. Msimu wa vimbunga ni Juni 1 hadi Novemba 30, na nahodha akibadilisha njia ukajikuta Costa Maya badala ya Cozumel, hakuna wa kumdai. Januari ina ukungu: njia ya kuingia Galveston hufungwa, meli inasubiri nje baharini, na nyie mnasubiri kwenye gari na masanduku. Nimewahi kula mandazi yote ya safari kabla ya kupanda.

Yule mama alimaliza chai yake, akaniuliza kama vijana wake wakibaki na shangazi yao atapata nini kwa wawili tu, yeye na mzee, mwanzoni mwa Desemba. Tukaangalia. Akatoa kadi, akalipa kianzio kinachorudishwa, chumba chenye roshani. Hati zao za kusafiria tutazipitia wiki ijayo kabla ya lolote, kwa sababu mzee bado hajapata uraia na hilo siliachi mpaka mwishoni. Jina lao liko kwenye daftari langu la Jumanne, ninapokaa na bei za wateja wote mmoja mmoja. Jumanne hii ilikuwa imepanda dola 40. Sijampigia.