"Haizibi vinyweleo": ahadi isiyo na kipimo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wasomaji wenye ngozi ya chunusi. Maneno "haizibi vinyweleo" kwenye kopo la krimu si cheti. Hata Marekani hakuna kipimo cha kisheria ambacho bidhaa lazima ikifaulu kabla ya kuandikwa hivyo, mtengenezaji hujiamulia.

Zile orodha za mtandaoni zinazovipa viungo alama kuanzia 0 (hakizibi) hadi 5 (huziba sana) nazo zinaaminiwa kupita kiasi. Alama nyingi zilitokana na kupaka kiungo kwenye sikio la sungura, ambalo huziba upesi kuliko uso wa binadamu. Tena kiungo kilipimwa peke yake, ilhali ndani ya krimu huenda kimetiwa kidogo mno. Kwenye kopo, viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi. Vilivyo chini ya asilimia 1 huweza kufuatana vyovyote. Basi ukikuta mafuta ya nazi, siagi ya kakao au isopropili miristati (kilainishi cha ngozi) kati ya vitano vya kwanza, tafuta krimu nyingine. Vikiwa mkiani, usiogope. Mafuta ya mgando yaliyosafishwa kwa ajili ya vipodozi husingiziwa bure: yanang'aa na kunata, lakini kwa kawaida hayazibi.

Kipimo cha kuaminika ni ngozi yako. Anza na bidhaa moja tu mpya, uipake kila siku sehemu ndogo inayotoka chunusi, kwa mfano pembeni mwa taya, kwa wiki 4 hadi 8. Muda huo si mrefu. Mzibo huanzia ndani, mafuta ya ngozi yanaposhikamana na seli zilizokufa, na huchukua wiki kadhaa kujitokeza. Ndiyo maana wengi huitupa krimu ya juzi kwa kosa la ile ya mwezi uliopita. Muwasho na wekundu ndani ya siku mbili ni jambo jingine: ngozi imeikataa, acha mara moja.

Vipele vikijipanga kwenye paji la uso na mapanjani, chunguza kwanza mafuta ya nywele.

Kwa watengenezaji nina ombi: andikeni mlichopima. Ni krimu nzima au kiungo kimoja? Kwa watu wenye chunusi au wasio nazo? Kwa wiki ngapi?

Msomaji wako,
Mtaalamu wa vipodozi