Tuvalu: serikali kutumia kuliko uchumi wote?

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Juzi kijiweni jamaa kashika simu anacheka, eti Tuvalu kuna miaka serikali imetumia kuliko pato zima la taifa, akasema basi hao ni wezi tu. Hapana bwana, tusikurupuke. Ile nchi ni visiwa 9 huko Bahari ya Pasifiki, watu kama elfu 11 hivi, viwanda hamna, ardhi yenyewe nyembamba mpaka jioni vijana wa Funafuti, mji mkuu wao, wanacheza mpira kwenye ranwei ya ndege, kweli kabisa. Sasa hela inatoka nje: meli za kigeni zinalipia siku za kuvua jodari, kuna yale majina ya tovuti yanayoishia na .tv wanakodisha, kuna misaada na mfuko wao wa akiba wa tangu 1987. Pato la taifa linahesabu kinachozalishwa hapohapo visiwani, hizo hela nyingi hazimo, ila serikali inazitumia, ndo maana matumizi yakipimwa kwa pato hilo asilimia inavuka 100. Mi wasiwasi wangu ni mwingine, bahari ikipata joto jodari wanahama, na jodari hana pasipoti wala haagi.

Msomaji wako, Tanga