Mvinyo wa rafu ya chini umewakosea nini?

Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma miaka 14 bila kukuandikia hata mstari mmoja. Mlipochapisha chemshabongo ileile wiki mbili mfululizo nilinyamaza. Lakini makala ya mvinyo ya Jumapili iliyopita imenishinda. Unaikumbuka: ile yenye picha ya mwandishi wenu ametumbukiza pua kwenye glasi kubwa kama bakuli, anatutangazia kwamba chupa ya bei rahisi yenye kifuniko cha kuzungusha ni ya watu wasiojua wanachokunywa. Mimi ni mmoja wao. Nanunua chupa za rafu ya chini, nazifungua bila kutoka jasho, na ninachokunywa nakijua vizuri sana.

Tuanze na hicho kifuniko. Mwaka 2000 watengenezaji wa Riesling, mvinyo mweupe, wa Clare Valley, Australia, waliamua kwa pamoja kuachana na vizibo vya gome la mti. Haukuwa ubahili. Walichoka kuona mvinyo mzuri ukifika mezani unanuka. Gome hilo huweza kubeba kemikali iitwayo TCA, na kiasi kisichoonekana kwa macho kinatosha kuua harufu yote ya matunda na kuacha harufu ya boksi lililolowa. Kemikali hiyo haiulizi chupa ilinunuliwa kwa bei gani.

Nimeshuhudia mwenyewe. Shemeji yangu, mume wa dada, alipotimiza miaka hamsini alitualika kwake, akatoa kabatini chupa aliyoitunza miaka tisa. Nami nilikuwa nimekwenda na yangu, Chenin Blanc ya kawaida, mvinyo mweupe. Aliipokea kwa vidole viwili, kama mtu aliyekabidhiwa soksi ya mwenzake, akasema, "Hii itafaa kwenye sufuria," ikapelekwa jikoni. Ya kwake ikazibuliwa kwa sherehe. Kizibo kikakatikia katikati, tukawa tunaopoa vipande kwa kijiko. Glasi yangu ilipofika nikanusa: boksi. Na siyo boksi hivi hivi, ni yale ya vitabu uliyoyasahau stoo, ukaja kugundua baadaye kwamba bomba lilikuwa linavuja. Nikawatazama wenzangu. Mmoja akasema anapata udongo. Mwingine akafumba macho akasema msitu baada ya mvua. Shemeji akatikisa kichwa taratibu, akasema umekomaa. Watu wazima tisa, Mhariri, wanakunywa uozo kwa adabu, kwa sababu bei wanaijua, na bei wanaijua kwa sababu mwenye chupa aliitaja mara tatu kabla hajaizibua! Nikamnong'oneza dada, akanikanyaga mguu. Nikasingizia kwenda kunywa maji. Jikoni nikaikuta chupa yangu kando ya jiko, imebaki zaidi ya nusu, nikajimiminia kwenye kikombe cha chai. Ulikuwa na uchachu wa limau, haujakaa sana, safi. Baada ya dakika kumi dada akaingia, akachukua kikombe chake, akakisogeza mbele yangu bila kusema neno.

Mwandishi wenu anasema ulimi uliofundwa haudanganyiki. Amwulize Robert Hodgson, mtengenezaji mvinyo wa California aliyewapima majaji wa mashindano ya mvinyo ya jimbo lake. Jaji alipewa mvinyo uleule, kutoka chupa ileile, mara tatu kati ya glasi nyingine, bila kuambiwa. Karibu mmoja kati ya kumi tu ndiye aliyeupa alama zilizobaki ndani ya daraja moja la medali. Waliobaki waliupandisha na kuushusha kama bendera. Na mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya uonjaji zaidi ya 6,000 uliofanywa bila watu kujua bei: wanywaji wa kawaida, sisi wa vifuniko, kwa wastani chupa ghali walizipenda pungufu kuliko za bei rahisi, kwa kiasi kidogo, lakini pungufu. Nisimwonee: waliosomea mvinyo hawakuonyesha mwelekeo huo. Sawa. Basi awaandikie hao, atuache sisi tunywe.

Tena angekuwa na la maana la kutufundisha, angetueleza kwa nini chupa moja ni ghali na nyingine sivyo. Pipa jipya la mwaloni la lita 225 linatosha chupa 300 tu, na gharama yake mnaigawana nyinyi mnaopenda ladha ya mbao. Kuna shamba lenye jina kubwa. Kuna zabibu zilizochumwa kwa mkono badala ya mashine. Kuna chupa nzito yenye kitako kilichobonyea, ambayo ikiwa tupu unadhani bado ina kitu. Sehemu ya gharama hizo inafika mdomoni, sehemu inaishia kwenye pipa la taka. Cava ya Hispania hupata mapovu yake ndani ya chupa ileile inayouzwa, kwa njia ileile ya champagne, na haiuzwi hata karibu na bei hiyo. Carménère ya Chile, mvinyo mwekundu, ilikuwa ikidhaniwa ni Merlot, aina nyingine ya zabibu, hadi mwaka 1994, mtaalamu wa mizabibu kutoka Ufaransa alipoutazama mzabibu wenyewe akasema jamani, huu siyo. Miaka yote hiyo watu walikunywa wakaridhika. Mimi bado nainunua, hasa ikiwa na ile harufu ya pilipili hoho mbichi ambayo wajuzi wanaiona aibu.

Sisemi kila cha rahisi ni kizuri. Kuna mwekundu mmoja niliwahi kuumwaga kwenye sinki, mtamu kama dawa ya kikohozi. Waliotengeneza walitegemea sukari ifiche walichokosea. Mwingine ukakasi wake ulinikausha meno hadi kesho yake. Lakini huo niliuonja ndipo nikauhukumu. Sikuusoma bei.

Na hapa niseme jambo lingine, maana sijui nitakuandikia tena lini. Hawa wahudumu wa mikahawa wanaotuletea mvinyo mwekundu wa vuguvugu kwa madai kwamba hunywewa kwa joto la chumba, chumba gani? Msemo huo ulitoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya kabla ya mitambo ya kupasha joto, nyuzi 16 au 18 hivi. Chupa iliyolala juu ya mashine ya kahawa haiko kwenye chumba, iko kwenye tanuri. Ukiomba ndoo ya barafu kwa dakika kumi na tano unatazamwa kama uliyeomba ketchup. Mwekundu mwepesi wa bei rahisi ukipoa kidogo unachangamka. Ukiwa na joto unabaki pombe tupu puani. Halafu zile lebo za nyuma! Ngozi ya tandiko, tumbaku, risasi ya penseli, kwa herufi ndogo kuliko za matangazo yenu ya vifo, na hakuna hata neno moja la kukuambia kama mvinyo ni mkavu au mtamu.

Ombi langu ni dogo. Mweke mwandishi wenu chumba chenye taa ya kutosha. Mtu mwingine ammiminie glasi tatu, mbili kutoka chupa moja na ya tatu kutoka chupa nyingine, moja ya hizo chupa iwe ya rafu ya chini, nyingine ya kabatini kwa shemeji yangu (anazo mbili zaidi, nitamshawishi). Aseme glasi ipi siyo ya wenzake, kisha aseme ipi ni ghali. Arudie mara sita, Jumapili sita, na majibu myachape kwa ukubwa uleule wa picha yake na bakuli lake. Chupa zivikwe soksi zisionekane. Soksi nitaleta mimi, nyeusi, ndefu, zimefuliwa.

Msomaji wenu wa kifuniko cha kuzungusha