Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu na Michezo: Kopo la dawa lisitikiswe getini

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Busia, upande wa Uganda, hatua chache tu kutoka mpakani. Nauza sare za shule, kwa hiyo kila muhula ukikaribia mimi huwaona wazazi kabla walimu wako hawajawaona. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ninachokitumia kutwa nzima, kwa Mganda na kwa Mkenya. Katiba inakiita lugha rasmi ya pili tangu 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likakubali kifundishwe shuleni kwa lazima. Basi na tukitumie.

Nalea binti wa marehemu kaka yangu. Ana miaka 15, alizaliwa na virusi vya Ukimwi, anameza kidonge kimoja kila usiku. Jina lake silitaji, wala la shule aliyokuwa akisoma. Si woga. Siwezi kulalamikia maji yaliyomwagika huku nami nautoboa mtungi. Barua hii ameisoma yeye kwanza, akafuta sentensi mbili. Sikumuuliza kwa nini.

Siku ya kuripoti, mwezi wa Februari, tulipanga foleni getini. Foleni hiyo unaijua: godoro kichwani, ndoo mkononi, kisha sanduku la bati linafunguliwa juu ya meza na matroni anatoa kimoja kimoja, sabuni, sukari, viatu, chupi, watu wote wanatazama. Mtoto alikuwa amejaza pamba ndani ya kopo la dawa ili vidonge visilie njiani, kisha akalivika soksi nyeusi. Matroni akaivua soksi. Akalitikisa kopo karibu na sikio, akaligeuza lebo ielekee kwenye mwanga, akaisoma kwa sauti kama anayesoma bei ya dawa ya mbu. Nyuma yetu walikuwa wasichana wanne wa darasa lake. Mmoja wao nilimuuzia sketi wiki ile ile.

Mwanangu hakulia. Aliichukua soksi akaikunja, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama kiberiti, akaitia mfukoni.

Kopo likabaki ofisini, maana kanuni ya shule ni kwamba dawa zote hukaa kwa matroni. Kila saa tatu usiku alitakiwa kwenda dirishani, akamezee pale pale, huku wenzake wakipita kutoka prepu. Kufika wiki ya tatu akawa haendi tena. Hakuna aliyemwuliza. Likizo ya Mei kliniki wakampima, na virusi ambavyo kwa miaka sita havikuonekana kwenye kipimo vilikuwa vimerudi. Ndiyo gharama ya kusoma lebo kwa sauti, na anayeilipa ni yeye.

Matroni yule si mtu mbaya, nisimwonee. Kanuni ina sababu: vidonge vikizagaa bwenini, watoto wataonja. Na shule lazima ijue afya ya mwanafunzi. Mtoto wa selimundu akianza kuumwa usiku wa manane, wa kifafa akianguka bafuni, wa pumu akikosa hewa, hakuna muda wa kumtafuta shangazi Busia kwa simu. Ndiyo maana niliijaza fomu ya afya kwa ukweli. Lakini saini yangu ilikuwa ya matibabu, haikuwa ya getini. Fomu yenyewe niliirudisha kwenye dirisha la kulipia karo. Karani akaiweka kando ya kitabu cha risiti, maandishi juu, na mzazi aliyefuata akaegemeza kiwiko pale pale akisubiri chenji.

Kijana wa duka la fotokopi jirani yangu amenichapia sheria zetu, tumezisoma naye jioni mbili. (Alinilipisha kurasa zote, hata zile tupu.) Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inasema taarifa za mtoto hazikusanywi bila ridhaa ya mzazi au mlezi, isipokuwa pale sheria inapolazimisha au kwa utafiti na takwimu. Habari za afya imezipa ulinzi wa pekee, na anayezitoa kinyume cha sheria anaweza kufungwa hadi miaka 10. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya 2014 inaikataza shule kumnyima mtoto nafasi, kumtenga au kumfukuza kwa sababu ya hali yake. Katiba, kifungu cha 27, inalinda faragha ya kila mtu, na haikuandika kwamba mtu huanzia miaka 18. Sikuona mahali palipoandikwa nani aitekeleze saa mbili asubuhi getini, foleni ikiwa imefika barabarani. Hapo ndipo wizara yako inapohitajika.

Wapo wanaoniambia siri ya nini, Uganda imeshazoea, hata mwanamuziki wetu Philly Lutaaya alijitangaza mwaka 1989 kwamba ana virusi. Ni kweli, na nchi nzima ilifunguka macho kwa ajili yake. Ila Lutaaya alikuwa mtu mzima, akachagua siku, akachagua maneno. Mwanangu hakuchagua hata nafasi yake kwenye foleni.

Naomba waraka kabla muhula haujafunguliwa. Fomu ya afya iende kwa muuguzi wa shule ikiwa ndani ya bahasha iliyofungwa, isipite kwa karani wa karo. Kile kisanduku cha kutia alama ya ndiyo au hapana kuhusu virusi kiondolewe. Mzazi aandike dawa anazotumia mtoto na dharura zinazoweza kutokea, inatosha. Masanduku yakaguliwe ndani ya chumba, mmoja mmoja, na matroni akikuta kopo alifunge tena bila maneno. Dawa za kila siku zitolewe faraghani kwa saa aliyoizoea mtoto, na asipofika mtu amfuate kwa upole siku hiyo hiyo, asingoje wiki tatu. Na mtoto mwenyewe aambiwe majina ya watu wanaojua. Wawili, watatu, lakini awajue. Hakuna hata moja hapo linalohitaji bajeti, labda bahasha.

Ukiandika waraka huo, watazame na wasichana wanaopimwa ujauzito shuleni. Mwongozo wa wizara wa 2020 ulifanya jambo jema kumfungulia njia aliyejifungua arudi darasani. Upimaji wenyewe ni habari nyingine: wateja wangu wananisimulia mabinti wanavyosimamishwa mstari mmoja na vikopo vya mkojo mkononi, na bweni linapata jibu kabla ya mwenyewe.

Nilipiga 116, simu ya bure ya watoto, ile inayoitwa Sauti. Walinisikiliza vizuri na kunielekeza kwa afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya. Naye akaniuliza nataka shule ifanywe nini, nikakosa jibu, kwa sababu mtoto alikuwa ameshakataa kurudi na sikutaka kesi itakayomtaja upya.

Sasa tumepata shule nyingine, ya bweni vile vile, maana ya kutwa iliyo karibu haina maabara naye anataka udaktari. Fomu yao iko hapa kaunta, chini ya futi yangu ya kupimia. Swali la tisa ni lile lile, ndiyo au hapana, na chini yake mstari wa mhuri wa hospitali. Kila nafasi nyingine tumeijaza. Jana usiku aliniuliza pale tuandike nini, nikamwambia tungoje kidogo.

Wako,
Mlezi na muuza sare,
Busia