Mchemraba Una Nyuso Ngapi? Harambee ya Somo la Maumbo, Igombe, Mwanza

Ndugu wazazi, walezi, na wana-Igombe mlioko Geita, Dar na kwingineko, salaam. Tunachangisha vishikwambi vya somo la maumbo, na kisa chenyewe ni hiki.

Muhula uliopita mwalimu wetu wa Hisabati alichora mchemraba ubaoni, akawauliza darasa la tano una nyuso ngapi. Karibu darasa zima likajibu: tatu. Alipotusimulia kwenye kikao cha kamati tulicheka, mpaka mzee mmoja akauliza, "Kwani hapo ubaoni zilionekana ngapi?" Kweli, tatu. Watoto walijibu walichokiona.

Wiki iliyofuata mwalimu aliingia na udongo wa mfinyanzi na mabua yaliyokatwa vipande. Kila kona donge, kila ukingo kijiti. Basi ukawa mnada: "Nigee donge, la nane limepasuka!" "Mie vijiti bado viwili vitimie kumi na viwili!" Kona 8, kingo 12, na nyuso 6 wakaziziba kwa maboksi. Hakuna aliyekaririshwa. Halafu wakaunda mraba wa vijiti vinne. Ukiusukuma kidogo unalala. Binti mmoja akapachika kijiti cha tano kutoka kona hadi kona, mraba ukakaza. "Kama kenchi," akasema. Baba yake ni fundi wa kupaua, si ajabu.

Kishikwambi tunakitaka kije baada ya udongo, si kabla. Mtoto aliyelijenga umbo kwa mikono, akilikuta kwenye skrini, analigeuza kwa kidole, analikunjua hadi linalala bapa, na hapo anang'amua kwamba ile mistari ya vidotidoti kwenye karatasi ya mtihani ndiyo vijiti vyake vya upande wa nyuma. Programu ya GeoGebra ni ya bure, na ikishapakuliwa inafanya kazi bila intaneti. Tatizo ni kwamba kishikwambi tunacho kimoja tu, cha mwalimu, katika vile vya Sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu. Watoto 84 wanakizonga kama dagaa kwenye taa, na wa nyuma wanaambulia kuona visogo vya wenzao.

Tunaomba vishikwambi 12, kila kimoja watoto saba. Bei tuliyopewa mjini ni shilingi 260,000 kwa kimoja, jumla 3,120,000. Makava na sanduku la chuma la kufuli ni 280,000, sola na betri ya kuchajia 700,000. Shilingi 300,000 zilizobaki ni za basi la kwenda Makumbusho ya Wasukuma, Bujora, Kisesa, watoto wakazipime nyumba za msonge: ukuta ni mcheduara, paa ni pia, na babu zetu walizijenga bila bikari. Yote kwa pamoja ni shilingi 4,400,000.

Wapo wanaouliza kama vishikwambi havitaishia kutazamia mpira. Swali halali, hata mimi niliuliza. Vitalala shuleni ndani ya sanduku, funguo mbili, moja kwa mwalimu na nyingine kwa mweka hazina wa kamati. Bila wote wawili halifunguki.

Udongo hatuununui, ziwa limetupa wa kutosha. Mwenye maboksi, waya au mabua alete. Fundi mwashi mmoja ameahidi kuja na kamba yake kuwaonyesha watoto anavyopata pembemraba ya msingi kwa pembetatu ya pande tatu-nne-tano. Fundi mitumbwi naye tunambembeleza. Anasema yeye hajui hisabati, na mitumbwi yake haijawahi kwenda upande.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho kabla ya mbalamwezi, saa nne asubuhi, uwanja wa shule. Siku hiyo tumeichagua makusudi, wavuvi wa dagaa wakiwa bado na chochote mfukoni, maana mbalamwezi ikiwaka taa zao hazivuti dagaa. Mchango ni wa hiari: elimu ni bila malipo, na hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa sababu mzazi hakutoa. Kila shilingi ina risiti. Walio mbali wamtumie ndugu aliye hapa amkabidhi mweka hazina. Asiye na fedha alete jogoo au debe la dagaa, tutanadi palepale, na mawe ya kukalia yapo ya kutosha, hii ni Mwanza.