Usiguse rimoti kwanza

Kigamboni, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Baba Zuhura,

Assalaam aleikum. Huku tu wazima. Watoto wamepona mafua, na bati la jikoni lililong'olewa na upepo wa Jumatano tumelikuta kwenye mihogo ya jirani. Ndiyo masika hayo.

Jana kwenye simu nilikuwa nakusikia nusunusu, mvua inapiga bati kwangu na wewe uko ndani ya daladala, basi nikaona bora niandike. Unasema TV imekuwa kiza tangu siku ya upepo, na fundi amekwambia king'amuzi kimeungua ununue kingine. Usinunue. Angalau usinunue kabla hujamaliza kusoma hapa, maana masika ya mwaka jana nami nilihukumu king'amuzi changu hivyohivyo, kumbe kilichoharibika ni kipande cha waya kisichozidi urefu wa mkono.

Kwanza mnyang'anye kijana wako rimoti. Picha ikipotea tu, sote tunakimbilia kutafuta chaneli upya. Ving'amuzi vingi vikianza kutafuta hufuta orodha ya zamani. Mawimbi hayafiki, orodha imefutwa, kwa hiyo hata tatizo likija kuondoka bado utaona patupu na utaapa mashine imekufa. Mimi nilibonyeza mara nne usiku mmoja, siku ya Simba na Yanga, sebule imejaa mashemeji. Sisemi zaidi.

Ingia kwenye menyu utafute ule ukurasa wenye mistari miwili, mmoja wa nguvu ya mawimbi na mwingine wa ubora. Yote miwili ikiwa sifuri, hakuna kinachofika: waya umekatika, umegusana ndani, au buster, kile kikuza mawimbi cha antena, haipati umeme. Nguvu ikiwepo na ubora ukawa chini, antena imegeuka au maji yameanza kuingia. Huo mstari wa nguvu usikudanganye, buster hukuza hata kelele tupu. Ubora ndio wa kuusikiliza.

Zamani antena ikisogea tulijua, chenga zinaongezeka kidogokidogo mpaka mtu anapanda juu kuisukuma. Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa hapa Dar tarehe 31 Desemba 2012 hatupewi onyo tena. Picha inakuwa safi kabisa, mara inagandaganda, mara kiza. Kwa hiyo antena yako huenda ilikuwa inashikilia ukingoni miaka yote hii, upepo ukaisogeza vidole viwili tu ikaanguka.

Buster nayo uikague. Ule usiku umeme ulikatika na kurudi sijui mara ngapi, na vile viadapta vidogo huwa havivumilii mchezo huo. Kama yako inalishwa na king'amuzi kupitia waya wa antena, angalia kwenye menyu umeme wa antena umewashwa. Aliyerudisha mashine kwenye mipangilio ya kiwandani, na namshuku kijana, huenda ameuzima bila kujua.

Sasa maji. Wewe umezoea dishi la kaka yako: mvua kubwa ikishuka linakata, ikipita linarudi. Ni tabia yake, mawimbi ya setilaiti yana masafa ya juu sana na matone huyameza. Antena yetu ya juu ya bati haiko hivyo, mvua peke yake haiizimi. Ukiona picha inapotea ikinyesha na inarudi saa nane mchana jua likiwaka, ujue kuna mahali panavuja. Kwangu ilikwenda hivyo siku tatu kabla ya kuzima moja kwa moja, nami nikawa nasema "ah, hali ya hewa".

Nilipofungua pale waya unaposhikana na antena, yalimwagika maji ya kujaza kijiko. Nyuzi za nje zimekuwa nyeusi, nyingine kijani. Maji yakishaingia kwenye nyuzi zile zilizosukwa hupanda na kushuka ndani ya ganda kama mafuta ya taa kwenye utambi, na huku kwetu yanakuja na chumvi ya bahari. Nikakata kipande, bado weusi. Nikakata kingine. Nikaendelea mpaka nikakutana na shaba inayong'aa. Kwako weusi ukiwa umefika mbali, badilisha waya wote, uombe wa ohm 75, wala usiunge katikati kwa kusokota na kufunga tepu kama waya wa taa. Ukirudishia, hakikisha hakuna hata unyuzi mmoja wa nje unaogusa shaba ya katikati. Tepu ianzie chini ikipanda juu, kila mzunguko uulalie wa chini yake, kama makuti yanavyoezekwa, maji yateleze. Na kabla waya haujaingia ndani, uache uning'inie chini ya tundu, tone lidondokee nje.

Kuhusu mwelekeo sina elimu kubwa, tazama antena za majirani wanaoona. Zimeelekea wapi, na vijiti vyake vimelala au vimesimama. Yako iwe vivyo hivyo. Mmoja ageuze juu, mwingine asome ubora chini. Mgeuze kidogo, msubiri sekunde kadhaa, king'amuzi hakishiki papo hapo.

Ila bati likiwa limelowa, mtu asipande. Wakati wa kukata na kuunga waya, zima umeme kwenye swichi kuu, na bomba la antena liwe mbali na nyaya za nguzoni, maana upepo ule umezilegeza nyingi. Ukikuta waya umeanguka uani, usiusogelee, waite TANESCO. Mpira utachezwa tena wiki ijayo.

Ubora ukirudi, hapo ndipo umpe kijana rimoti atafute chaneli, mara moja tu.

Ubora ukigoma kurudi, kifunge king'amuzi kwenye mfuko wa plastiki uvuke na pantoni Jumapili, tukichomeke kwenye antena yangu. Kikishika hapa, fundi wako atafute mteja mwingine. Shemeji yako anasema usije bila Zuhura, na uje mapema kabla samaki hawajaisha.

Wasalaam,
Baba Idi